Zoezi la Bwana Ballinger

Trent Ballinger alitujia kutoka Florida, alikokuwa akipanga safari za meli za watalii, na asubuhi yake ya kwanza tu alitutangazia kwamba hajawahi kuona meli ikiahirisha safari kwa sababu fundi mmoja ana wasiwasi.

"Meli inaondoka siku iliyoandikwa kwenye tiketi," alisema. Alikuwa amesimama mbele yetu na viatu vyeupe bila soksi, Januari, upepo wa kisiwa chetu cha Chincoteague ukipiga madirisha kama una kesi na sisi. "Abiria akichelewa, atabaki gatini analia. Nyinyi hapa mnabembeleza chombo kama mtoto mwenye homa."

Mzee Upchurch akapiga makofi. Yeye ndiye mwenye kampuni. Alitajirika kwa kuku wa kugandishwa, na mpaka leo anaamini kwamba kitu chochote kikishafungashwa vizuri kiko tayari kwenda. Tena ana udhaifu mmoja mkubwa: mtu akiongea haraka, humwona ana akili.

Mimi naitwa Nadine Tull, na nilikuwa mkuu wa majaribio. Tunatengeneza vyombo vya kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga: chakula, maji, nguo, vipuri, vifaa vya watafiti. Ndani hamna mtu. Chombo kinapanda juu ya roketi kutoka kisiwani kwetu, pwani ya Virginia, kinakunjua mabawa yake mawili ya sola ili kipate umeme, kinakifuata kituo, kinakisogelea taratibu mpaka waliomo wakidake kwa mkono wa mashine. Kazi yangu ni kukitesa kabla hakijaenda. Nakitikisa, nakigandisha, nakichoma, nakipigia kelele za kuua ng'ombe. Kikivumilia mikono yangu, huko juu kitaishi.

Sasa, tarehe ya kuruka haipangwi na mtu mmoja. Kituo kina milango michache, na foleni ni ndefu: wa kwetu, Warusi, Wajapani, wanaanga wenyewe wanaokwenda na kurudi. Wanaosimamia foleni hiyo wako Houston, na aliyekuwa akishughulika na sisi ni mama mmoja anayeitwa Arredondo, mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumsikia akirudia neno. Alitupa nafasi katikati ya Mei, kwa sharti kwamba majaribio yote yawe yamekwisha na yamefaulu.

Ballinger alisikia neno "Mei" tu. Maneno ya baada ya hapo yalimpita kama upepo. Kabla wiki haijaisha alikuwa ametundika bango kubwa kando ya barabara ya kuingilia kisiwani, lenye picha ya chombo chetu, uso wake mwenyewe, na tarehe kumi na nne kwa rangi ya dhahabu.

Aprili tulifanya jaribio la mabawa. La kushoto lilifunguka kama mwavuli. La kulia lilianza vizuri, likafika nusu, likasimama pale kama mtu aliyeinama kuokota kitu akabanwa na kiuno. Tulisubiri. Halikusogea.

Ballinger alikuwa amekuja na mpiga picha.

"Pigia upande huu," alimwambia, akimgeuza mabega. "Huu mwingine achana nao." Kisha akanigeukia na tabasamu. "Hongera, Nadine. Tumefaulu."

"Tumefaulu nini? Bawa limekwama."

"Moja limefunguka lote, jingine limefunguka nusu. Piga hesabu. Hiyo ni robo tatu. Mimi shuleni sikupata robo tatu hata siku moja."

"Hilo halihitaji ushahidi," nikamwambia. "Ila angani hawagawi alama, Trent. Chombo chenye bawa moja na nusu kitaishiwa umeme kabla hakijakiona kituo. Kitazunguka huko juu na nguo za ndani za wanaanga mpaka kiungue."

"Lirekebishe basi."

"Lazima tulivue, tujue limekwama kwa nini, tulitengeneze, tulitikise upya, tulijaribu upya. Mei hatuiwezi."

Tulilipeleka suala hilo mbele ya Mzee Upchurch. Nilieleza kwamba tukikosa Mei, Juni wanaingia Wajapani, na baada ya hapo kuna majuma ambayo jua linakipiga kituo vibaya kwa mshazari, joto linazidi, na Houston hawapokei chombo cha mtu yeyote. Ballinger alinisikiliza huku amejiegemeza kwenye kiti.

"Kumbe na jua nalo limeajiriwa Houston?" aliuliza.

Chumba kizima kilicheka, na Mzee Upchurch alicheka kuliko wote mpaka akapaliwa. Nilikaa pale nikiwatazama watu wazima waliosoma, wanaojua jua linavyofanya kazi, wakimchekea mtu ambaye, naapa, alidhani kituo cha anga kinaelea mahali pamoja kama boya.

Aliponiona sipindiki, alimwendea msaidizi wangu. Elwood Bunting, tunamwita Woody, ni mhandisi mzuri mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kumwambia hapana mtu aliyevaa koti. Tumekua pamoja. Akiwa darasa la tano alikubali kuwa rafiki wa pande zote mbili za ugomvi mmoja, akapigwa na pande zote mbili. Ballinger alimtoa chakula cha mchana, wakala chaza wa kukaanga kule bandarini, na kesho yake Woody akaja mezani kwangu akisugua shingo.

"Nadine, mimi naona lile bawa litafunguka lenyewe likifika juu. Kule hakuna uzito wa kulivuta."

"Umepima?"

"Nimefikiria."

"Umefikiria wapi?"

"Pale kwenye chaza."

"Chaza ndio walikwambia?"

Akaondoka na masikio mekundu. Lakini mhandisi wa kumuunga mkono Ballinger alikwisha kumpata, na siku ya kikao cha simu na Houston alimkalisha pembeni yake kama mchumba.

Mama Arredondo hakupoteza muda. Tulimsikia akifungua kitu, labda pipi, kisha akauliza, "Bawa la kulia lilifunguka?"

Ballinger akavuta pumzi. Alizungumzia moyo wa kushirikiana. Alizungumzia watu wa kisiwa hiki na ndoto zao. Alifika mpaka kwa mabaharia wa zamani waliovuka Atlantiki bila kujua kilichoko mbele, akidhani hiyo ni sifa.

"Bwana Ballinger, mimi nimeuliza bawa."

"Nampisha mtaalamu wetu, Bwana Bunting."

Woody alisogelea simu jasho likimtiririka. "Lilifunguka, mama. Kiasi chake."

"Kiasi chake ndiyo kiasi gani?"

"Kile kiasi ambacho… lilifunguka."

Nilisikia pipi ikigonga jino huko Houston.

"Nadine upo?"

"Nipo. Halikufunguka."

"Asante. Nafasi ya Mei nimeifuta. Wajapani watasogea mbele. Nyinyi tutaongea jua likishakaa sawa."

Akakata. Ballinger alinifuata ukumbini akikinyooshea kidole kifua changu, lakini kwa mbali kidogo, maana mimi ni mrefu.

"Umeniaibisha mbele ya Houston."

"Mimi nimejibu swali, bwana. Wewe ulilihutubia."

Nilidhani mambo yameishia hapo na kwamba bango litashushwa. Halikushushwa. Yeye alikuwa ameshaalika watu: maofisa wa kaunti, wafanyabiashara wa kuku wenzake Mzee Upchurch, televisheni, makanisa mawili, bendi ya shule ya sekondari. Kuwaambia watu mia kadhaa kwamba umekosea kunahitaji uti wa mgongo, na yeye alikuwa na koti tu.

Akanijia kwa upole ambao ulipaswa kunishtua. Nilikuwa na zoezi la kujaza roketi mafuta nililotaka kufanya mwezi huo. Ni zoezi la kawaida: unajaza, unahesabu kurudi nyuma mpaka mwisho kama mnaruka kweli, unasimama, unayatoa mafuta, watu wanakwenda nyumbani. Aliniomba nilifanye tarehe kumi na nne, wageni wapate angalau kitu cha kutazama. Nikaona ni ombi la kibinadamu. Nikakubali.

Siku hiyo jua lilikuwa zuri. Kule uwanjani ng'ambo ya maji kulikuwa na mahema, wazimamoto wa kujitolea walikuwa wakikaanga chaza, bendi inapiga. Mimi nilikuwa chumba cha udhibiti, kipaza sauti kichwani, nahesabu, Woody pembeni yangu. Ukutani kulikuwa na televisheni imezimwa sauti, inaonyesha uwanja.

"Nadine," Woody alininong'oneza, "chini ya skrini wameandika tunaruka leo."

Nikatazama. Ni kweli. Halafu nikaona wazee wamevua kofia. Wanawake wamewanyanyua watoto mabegani. Kila mkono ulikuwa na simu imeelekezwa kwenye roketi yangu.

"Na sauti yako inatoka huko kwenye spika," Woody akaongeza. "Trent ameunganisha. Mimi… nilimwonyesha waya."

Tulikuwa na mapumziko mafupi yaliyopangwa ndani ya hesabu. Nilizima kipaza sauti, nikampigia Ballinger. Nilimwona kwenye skrini akipokea, mkono mmoja akimpungia mke wa ofisa wa kaunti.

"Umewaambia hawa watu kwamba ni zoezi?"

"Usiwe na presha, mama. Waache wafurahi. Mkifika mwisho nitapanda jukwaani niseme wahandisi wameona hitilafu dakika ya mwisho wakasimamisha. Watu wanaelewa. Wahandisi ndivyo mlivyo."

"Yaani utasema sisi ndio tumewaharibia siku."

"Nani anawajua nyinyi? Kwenye meli, ukungu ukiwa mzito, nahodha hatangazi mpaka watu wameshakula."

Nilikata simu. Woody alinitazama akajikunyata. Sikupiga kelele. Nilirudisha macho kwenye skrini. Uwanjani pale alikuwepo mwalimu wangu wa hesabu. Alikuwepo mama yangu, na kiti chake cha kukunja.

Nikawasha kipaza sauti.

"Jamani, habari za mchana. Mimi ni Nadine, binti wa Carroll Tull wa gereji ya boti. Leo hakuna kinachoruka. Hili ni zoezi. Tutahesabu mpaka mwisho, kisha tutanyamaza, kisha tutatoa mafuta. Chombo chenyewe kiko ghalani, bawa lake limekwama, na Bwana Ballinger analijua hilo tangu Aprili. Yuko karibu na hema kubwa, amevaa viatu vyeupe. Mwenye swali amuulize yeye. Chaza wa zimamoto ni wazuri, msiondoke bila kula. Tunaendelea."

Nikaendelea kuhesabu. Kazi ni kazi. Kwenye televisheni niliona vichwa vinageuka, kimoja, viwili, halafu vyote, kuelekea hema kubwa. Ballinger alikuwa bado anatabasamu kwa sababu uso wake haukuwa na kitu kingine cha kufanya. Wanawake wa kanisa walimfikia kwanza. Kisha watu wa kisiwa changu, ambao nawapenda kwa sababu hiyo, wakaanza kuhesabu pamoja nami kwa sauti, na tulipofika mwisho, roketi imesimama tuli inatoa moshi wake mweupe, wakalipuka kwa vifijo na miluzi kama tumefika mwezini. Bendi ikapiga. Waliimba hata jina la Ballinger, kwa kumcheka.

Jumatatu Mzee Upchurch aliniita. Nilitegemea atasema neno moja kuhusu uongo. Hakulisema.

"Wenzangu wa kuku walikuwepo, Nadine. Wamenicheka uso kwa uso."

"Wamekucheka kwa haki, mzee."

"Kwenye kiti cha kuhesabu hutakaa tena."

Ndiyo adhabu niliyopata. Ballinger yeye hakuadhibiwa. Agosti alipata kazi kubwa zaidi kwenye kampuni nyingine huko Florida, inayowauzia matajiri tiketi za safari ya anga ambayo bado haijaanza. Alifanyiwa sherehe ya kumuaga. Nilikwenda kwa ajili ya keki. Alitoa hotuba kuhusu ujasiri wa kuweka tarehe, na waliomcheka Mei walimpigia makofi na vidole vyao vya krimu.

Bawa tulilivua. Grisi ya kwenye bawaba ilikuwa ya aina isiyofaa, ikipata baridi inaganda kama jamu. Tuliisafisha, tukaweka inayofaa, nikalitesa upya kwa wiki kadhaa, na safari hii likafunguka lote bila kusita. Woody alirukaruka. "Mimi nilijua tu litafunguka!" akasema, na alikuwa hatanii.

Chombo kiliruka Desemba, asubuhi ya mawingu, hakuna bango, hakuna bendi. Nilisimama kwenye maegesho nyuma ya jengo la majaribio, mikono mfukoni. Aliyehesabu alikuwa Woody. Walimchagua kwa sababu ana sauti nzuri na hawezi kuongeza neno lake mwenyewe. Alipofika tatu sauti ilimpasuka kama kijana anayebalehe. Nilicheka peke yangu, halafu ardhi ikatetemeka chini ya buti zangu nikaacha kucheka, kwa sababu kile kilichokuwa kikipanda nilikuwa nimekigusa kila msumari wake. Nilikitazama mpaka mawingu yakakimeza. Kilifungua mabawa yote mawili, kikafika, kikadakwa.

Jioni ya siku ile ya kudakwa, televisheni ilimhoji Woody. Alikuwa amevaa koti jipya. Walimuuliza siri ya mafanikio ni nini, akafikiria kidogo, akasema ni imani. Nikazima, nikarudi kwenye supu yangu kabla haijapoa.