Kengele Niliyoiandika Peke Yangu

Daktari aliponinyang'anya kompyuta nilimtolea macho mpaka mume wangu akaona haya.

"Mama, mtoto anachoka. Tunakupasua sasa hivi."

Sasa hivi! Na kosa bado sijalipata!

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kengele ya chumba cha watoto njiti, hapa hapa hospitalini. Pumzi ya mtoto ikishuka, kengele inalia. Wenzangu wote wanaandika programu kwa lugha moja ya kompyuta. Mimi ng'o! Nilichagua yangu, nyepesi, ya haraka, na hakuna mwingine hapa anayeijua. Mwenzetu mmoja alinisihi sana niiache, hadi tukambandika jina la Lugha Moja. Mwishowe akaiandika upya kengele ile kwa lugha ya wote. Inajivuta, nikaiita Konokono, ofisi nzima ikacheka. Basi jana mtoto mmoja alipungukiwa pumzi na kengele yangu ikachelewa kulia. Muuguzi ndiye aliyemwona, kwa macho yake tu.

Sasa wangu anazaliwa kabla ya wakati, atalazwa chumba hicho hicho, na mimi nitakuwa usingizini. Nilikuwa roho juu juu.

Nikampigia Lugha Moja nikiwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu.

"Fungua programu yangu, tafuta panapopimwa pumzi."

"Dada, nimeifungua tangu asubuhi. Naona herufi tu. Nikigusa vibaya naizima kabisa."

"Usiguse!" Korido nzima ikageuka.

Mume wangu akanishika mkono.

"Weka Konokono," nikamwambia Lugha Moja.

"Una hakika? Haijawahi kulinda mtoto hata mmoja. Mimi mwenyewe naiogopa."

"Nami naogopa, tena sana! Lakini yako ikikwama, utaisoma. Yangu ikikwama utamsubiri nani, mimi niamke?"

Nikasikia vidole vyake vikigonga vitufe. "Tayari, dada."

Muuguzi wa chumba cha upasuaji akaichukua simu. Nikamng'ang'ania mkono. "Mwambie asitoke pale kwenye kengele. Hata chooni asiende!"

Akasikiliza, akanigeukia. "Anasema haondoki. Anauliza, kwenye mashine mtoto amwandike wa nani?"

"Wake," nikasema. "Mpaka niamke."

Muuguzi akanishushia barakoa ya dawa ya usingizi usoni.