Alama Nne

Hasira za Mkaguzi zilikuwa maarufu kuliko sura yake. Kila Jumamosi alasiri alikaa mbele ya simu iliyobanwa kwenye stendi, akaweka juu ya meza roboti la kuchezea, akaligeuza kuwa lori, au ndege, au mnyama ambaye Mungu hakumuumba, kisha akalitukana. Hakuyatukana yote. Aliyatukana yale ya kurudiwa rangi. Kampuni imeuza roboti la kijani mwaka juzi, mwaka huu inalipaka buluu, inalipa jina jipya na boksi jipya, inaliuza kama limezaliwa jana. Hapo Mkaguzi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, akapiga kelele, "Ngozi mpya, mifupa ya zamani!" Na watazamaji wake, watu wazima wenye ndevu na mikopo, waliandika maneno hayo hayo chini ya video mpaka yakajaa kama siafu.

Pembeni yake alikaa dada yake, fundi cherehani. Wateja walimwita Fundi, na hata yeye mwenyewe akikohoa alikohoa kifundi. Kazi yake pale ilikuwa kusoma maswali ya watazamaji kwa sauti na kuyatia chumvi. Alianza kwa kubembelezwa, akazoea, na sasa wapo waliofungua video kwa ajili ya ulimi wake tu. Roboti moja lenye kifua kipana na miguu ya njiti alilisema, "Huyu kavaa koti la baba yake na suruali ya mdogo wake," na msemo ule ukatembea wiki nzima.

Jumamosi hii alichelewa, kwa kuwa zipu ya gauni la mteja ilikuwa imegoma katikati ya safari. Alipoingia sebuleni na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, Mkaguzi alikwisha kuanza, mubashara, hakuna kukata wala kurudia. Mbele yake lilisimama roboti jeusi tii, linang'aa kama kiatu cha mtu anayekwenda kuposa.

"Toleo la Usiku!" Mkaguzi alikuwa akisema. "Wenzangu, dunia nzima inasubiri, sisi tunalo mkononi. Na leo nawaambieni neno ambalo hamjawahi kulisikia kinywani mwangu. Rangi hii mpya nimeikubali."

Fundi alikaa, akavuta simu ya pili ya kusomea maswali.

"Mmoja anauliza, boksi lake liko wapi?"

"Boksi limeraruka njiani."

"Limeraruka au limeruka?"

Watazamaji wakacheka kwa vile vikatuni vyao vya manjano. Mkaguzi naye akacheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Akalishika roboti upesi. "Tuligeuze. Mikono ndani, kichwa chini, sasa miguu..."

Akaushika mguu wa kushoto. Hakuukunja moja kwa moja. Aliuvuta kidogo kwa nje, kama mtu anayechomoa kiatu kwenye tope, ndipo akaukunja, nao ukaingia na mlio mdogo: tik.

Fundi aliacha kusoma.

Maroboti ya aina ile alikuwa ameona yakigeuzwa mpaka akayaota. Miguu yao hukunjwa moja kwa moja. Ni moja tu duniani lililotaka kuvutwa kwa nje kwanza, kwa sababu nyonga yake ilivunjika, na aliyeiunga ni yeye, kwa kipande cha sindano ya cherehani iliyokatika.

"Hebu," alisema, akanyoosha mkono.

"Ngoja, Dada, bado..."

Alikwisha kulichukua. Kwenye nyonga, pale chuma kinaposuguana na plastiki, rangi nyeusi ilikuwa imeshindwa kushika, na ncha ya sindano ilikuwa ikimtazama kama jicho la kuku. Ilikuwa sindano yake. Kidole gumba kikashuka chenyewe mpaka kisigino. Kisigino kilikuwa laini. Laini kama sabuni mpya.

Damu ikampanda mpaka kwenye masikio.

Roboti lile lilikuwa jekundu, la kugeuka lori, na lilikuwa la Kitinda, kitindamimba wao, mtoto aliyechelewa kuja na kuwahi kuondoka. Hakufikisha miaka saba. Hospitali, kila alipochomwa sindano, alilitia roboti mdomoni akaling'ata kisigino mpaka kikabonyea. Muuguzi akimsifu kwa kutolia, alisema, "Aliyelia ni lori." Alipokwisha kuondoka, zilibaki alama nne za meno, juu mbili, chini mbili. Mama yao aliliweka kwenye rafu ya chumbani kwake. Siku hizi Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, picha ya ukutani haimwambii kitu tena, lakini kila asubuhi, kabla ya chai, alilishika roboti lile na kupitisha kidole gumba kwenye kisigino. Juu mbili, chini mbili. Ndipo siku ianze.

Na Mama alikuwa kwa mama mdogo tangu wiki mbili zilizopita, mlango wa chumba chake umerudishiwa tu.

"Haya, Mkaguzi," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka hadi mahali ambapo wateja wanaomjua huanza kutafuta viatu vyao. "Unalipa alama ngapi?"

"Tisa!" Mkaguzi alisema, akifurahi kwamba wamerudi njiani. "Tisa juu ya kumi!"

"Mimi nazijua nne. Ziko wapi?"

"Dada leo kaja na mafumbo, jamani..." Chini ya meza alikuwa akimkanyaga mguu.

"Nikanyage tena. Kisigino cha kushoto, juu mbili, chini mbili. Umezipeleka wapi?"

Mkaguzi aliunyoosha mkono kuifikia ile simu ya kwenye stendi. Fundi alimchapa kwa futi, na ile bati ya nchani ikalia juu ya vifundo vya vidole.

"Usizime! Umewaita watu waje kukagua. Waache wakague."

"Dada, sikiliza. Mzigo wangu umekwama, na yule mshindani wangu mwenye kofia ataonyesha lake kesho. Nilikwisha kuwaahidi watu. Ni rangi tu. Ningelirudishia nyekundu kabla Mama hajarudi."

"Mama anarudi leo."

"Si kesho?"

"Leo! Na nani kakuambia Mama anahitaji nyekundu? Mama haoni rangi, wewe bwege! Ungelipaka madoa ya chui angesema asante mwanangu. Mama anaona kwa kidole gumba. Rangi ungepaka utakavyo. Kisigino ulikitakia nini?"

"Kingejulikana kwenye kamera," Mkaguzi alisema kwa sauti ndogo. "Lililo jipya halina mikwaruzo."

"Mikwaruzo." Fundi alilitamka neno hilo kama anayetema kokwa. "Mimi huyu, shati la mteja likilika kola naigeuza, na siku ya kuchukua namwambia, kola hii nimeigeuza. Ni ya mwenyewe, ana haki ya kujua. Wewe umemgeuza marehemu ukamwita Toleo la Usiku!"

Mkaguzi alisugua vifundo vyake vilivyochapwa.

"Sasa nijibu neno moja tu, na usinizungushe. Ulizijaza au ulizipiga msasa? Maana kilichojazwa kinatoboka. Kilichosagwa hakirudi."

Juu ya kioo cha simu maneno yalikuwa yakipanda mbio, kila mtu anaandika yale yale, ngozi mpya, mifupa ya zamani, ngozi mpya, mifupa ya zamani, na Fundi akawa anayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Jibu!"

"Nilianza na msasa," Mkaguzi alisema. "Kidogo. Nikaona nachelewa. Nikajaza."

"Ulianza wapi?"

"Sikumbuki, Dada. Lilikuwa plastiki tu mkononi."

Lile "plastiki tu" ndilo lililomwinua Fundi. Alirudi na chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, bonge la pamba na sindano yake nyembamba kuliko zote. Akakaa mbele ya kamera, chini ya ile taa ya duara, akaanza kusugua. Nyeusi ilitoka. Kisha nyekundu nayo ikatoka, ikiifuata nyeusi kama mjinga anavyomfuata mwizi, na kisigino kikabaki na rangi ya plastiki tupu, rangi ya fizi. Akaingiza ncha ya sindano. Akachokonoa kwa pumzi iliyobanwa, yeye ambaye husukuma cherehani huku akigombana na watu watatu. Punje nyeupe ya gundi ikaruka. Shimo la kwanza. La pili, kando yake. Hayo yalikuwa ya juu.

Akaligeuza upande wa chini. Akachokonoa. Sindano ikateleza. Akasogeza, ikateleza tena. Hapakuwa na gundi. Hapakuwa na kitu cha kuchokonoa.

"Ulianzia chini," alisema.

Mkaguzi alijifunika uso.

Na geti likalia. Fimbo ikagonga kizingiti, na sauti ya Mama ikatangulia ndani kama kawaida yake. "Nyumba hii inanuka saluni. Nani anaolewa bila mimi kuambiwa?"

"Shikamoo, Mama," walisema kwa pamoja, kama watoto waliovunja sahani.

"Marahaba. Mbona mnasalimia kama mko polisi?" Alipapasa kiti, akakaa, akavua viatu kwa kuvikanyaga visigino. "Kwa mdogo wangu chai ni maji yaliyotishwa kwa majani tu. Nileteeni mtu wangu kwanza. Wiki mbili sijamshika."

Fundi alilitazama roboti mkononi mwake, nusu jeusi, mguu mmoja uchi. Angeweza kusema limepotea. Angeweza kusema limeanguka. Hasira ilimkatalia. Alimwekea Mama mkononi.

Kidole gumba kikaenda mahali pake. Juu: moja, mbili. Kikashuka. Kikasimama. Kikarudi juu, kikaanza upya, polepole, kama mtu aliyepishana na hesabu. Kikashuka tena.

"Za chini ziko wapi?"

Mkaguzi alimtazama Fundi, Fundi akaitazama chupa ya dawa.

"Nimeuliza kwa Kiswahili."

"Ni mimi, Mama," Mkaguzi alisema. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Nililipaka rangi ili nipate la kuonyesha watu. Nikasugua. Lakini naweza kuzirudisha, Mama. Meno yangu ya mbele si makubwa. Nitapatia joto kidogo pale, ning'ate taratibu, hutajua tofau..."

"Koma!" Fundi alipiga meza hata stendi ikayumba. "Unataka kumpaka rangi mara ya pili? Mbele ya mama yake?"

Mama aliinua mkono, wote wakanyamaza. Alikuwa mwanamke wa utani, hata msibani alijulikana kwa utani, na kwa nukta moja ilionekana kama mzaha ungekuja. Midomo yake ilicheza. Haukuja.

"Mwanangu," alisema, "ukirudia neno hilo nitakung'ata mimi, na hizo alama hutazisugua." Kidole chake kilikuwa bado pale chini, palipo laini, kinakwenda na kurudi. "Wewe si ndiye unayetoa alama kwenye video?"

"Ndiyo, Mama."

"Na leo umetoa."

Mkaguzi akalia. Mama hakumbembeleza. Aligeuza uso kuelekea kwenye taa ya duara, ambayo machoni mwake ilikuwa ukungu mweupe tu.

"Na hiki kinachoniwakia ni nini?"

"Watu, Mama," Fundi alisema. "Wanatutazama."

"Bado wapo?"

"Wapo. Wanaongezeka."

"Wanataka nini?"

Fundi alikiangalia kioo. Maneno yalikuwa yamepungua mwendo. La mwisho lilikuwa swali, lile ambalo kila Jumamosi lazima mtu aliulize.

"Mmoja anauliza, mwisho wa yote limepata alama ngapi?"

Mama alipitisha kidole mara moja tena, kuanzia juu.

"Mbili," alisema. "Mwambie zimebaki mbili. Kisha zima."