Nchi Tisa Zamsubiri Mzee Alfayo

Mzee Alfayo Chepyegon wa Kapsoit hakuwahi kulewa hata siku moja, na kila mlevi wa pale senta ya maduka alilijua jambo hilo kwa sababu aliambiwa na Alfayo mwenyewe. Alikuwa karani wa majani chai kwa miaka ishirini na minane. Kusoma alijifunzia ukubwani, katika darasa la jioni, na cheti chake kilitundikwa ukutani juu kuliko picha ya harusi. Hivyo mwaka 1999, Kinyua alipofungua ofisi ya kompyuta mjini Kericho, Alfayo alikwenda kwa shughuli ya heshima kabisa: kumpelekea barua mwanawe Weldon, aliyekuwa akisoma India.

Barua ilichukua dakika kumi. Alfayo alichukua saa tatu.

Kinyua alikuwa amemwonyesha mahali ndani ya mtandao ambapo wapenda bustani wa dunia nzima huandikiana papo kwa papo. Mwanamke wa Norwei aliuliza kwa nini waridi zake zimedhoofika. Alfayo, ambaye hajapata kupanda waridi maishani mwake, alimjibu kwa maarifa ya kupogoa michai. Ushauri ukafaa. Baada ya wiki mbili, watu wa nchi tisa walikuwa wakimwita Profesa.

Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Mkewe Priscah humwambia "sawa, mzee" kabla hajafika katikati ya neno. Binti yao Cheptoo, mwalimu wa shule ya msingi, siku hizi alijisomea gazeti mwenyewe.

Alfayo alianza kwenda Kericho mara moja kwa wiki, kisha mara tatu, kisha kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Michai ikapitisha siku zake za kuchumwa, majani yakakomaa, na kituo cha kununulia chai kikayakataa.

"Ni mvua," alisema Alfayo.

Ndipo Alhamisi moja wazee wakaja kutoka Bomet kumposa Cheptoo kwa ajili ya kijana wao. Koito, yale mazungumzo ya posa yanayokutanisha koo mbili, hayafanyiki bila baba wa msichana. Wageni waliketi, wakanywa mursik, yale maziwa ya kibuyu, wakatazama mlango. Jua likahamia upande wa pili wa nyumba, wakaondoka. Alfayo aliingia jioni, akiwa amemaliza kumweleza mtu wa Kanada habari za mbolea.

Alikuwa ametunga utetezi mrefu, lakini haukuhitajika. Baada ya siku tatu habari zilifika kutoka Bomet kwamba wazee wamefurahi sana. "Huyo ni mzee wa zamani," walisema. "Siku hizi watu wanatoa binti siku ya kwanza kama wanatupa ganda la ndizi. Huyu ametunyima hata uso wake. Tutarudi."

"Umesikia?" Alfayo alimwuliza mkewe. "Mimi najua mila."

"Wewe ulisahau."

"Zamani ndivyo ilivyokuwa. Baba anasahau."

"Baba Weldon, sikiza. Mara ya kwanza wameita mila. Mara ya pili wataita tusi, na huyu msichana atabaki hapa akikutazama. Jumatatu tunaenda kwa mshauri."

Mshauri alikuwa Wahu, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyehudumu katika zahanati ya kanisa, njia ya kwenda Kapkatet. Alfayo alikubali upesi, kwa maana alidhani wanapeleka hasira za Priscah zikatibiwe.

"Daktari," alisema alipoketi, "mgonjwa ni huyu hapa. Anachukia kompyuta."

"Mimi si daktari, mzee. Na wewe unaipenda?"

"Mimi naifanyia kazi."

"Kazi gani?"

Alfayo akatazama dirishani. "Ya kujibu maswali."

Wahu hakumtaka aape, jambo lililomvunja moyo, maana alishaandaa kiapo kizuri. Alimpa zoezi tu: aende Kericho siku moja kwa wiki, kwa saa moja, na hamu ikimshika siku nyingine aandike kwenye daftari kilichotokea kabla haijamshika.

Baada ya wiki mbili alirudi na daftari lililojaladiwa kwa gazeti, pambizo zimepigwa kwa rula. Akaliweka mezani, akangoja alama.

"Sisahihishi, mzee. Nisomee."

Alisoma kwa sauti ya darasani. "Jumatatu: Priscah aliita daktari wa ng'ombe bila kuniambia. Hamu ikaja. Jumanne: fundi wa paa alimwuliza Cheptoo mabati yakae vipi, na mimi nimesimama hapo hapo. Hamu ikaja. Nilienda, nikakaa saa nne. Jumatano: hakuna aliyeniuliza kitu." Sauti ya darasani ilianza kumtoka. "Alhamisi: hakuna aliyeniuliza kitu."

"Unaona nini hapo?"

"Naona mwandiko mzuri."

"Na kingine?"

Alipitisha kidole ukurasani, siku moja moja. "Kumbe siifuati mashine," alisema mwishowe. "Naenda kuulizwa."

"Ile Jumanne uliteleza, na kuteleza si kuanguka. Lakini nyumbani, mzee, wewe humwuliza nani?"

Swali hilo lilimchukiza sana. Akaliandika.

Zoezi la pili likawa kumwuliza mtu wa nyumbani jambo moja kila siku, na kusikiliza jibu hadi mwisho. Siku ya kwanza alimwuliza Priscah kama goti bado linamsumbua. Priscah alimshika paji la uso kuona kama ana malaria.

Wazee wa Bomet wakatoa siku yao: Alhamisi, saa nne asubuhi. Juma hilo hilo, katika ile saa yake moja ya halali, Alfayo alikuta nchi tisa nazo zimepanga kukutana Alhamisi, saa nne ya Kenya, zimwulize Profesa maswali. Zilikuwa hazijawahi kukutana zote kwa ajili ya mtu mmoja.

Alhamisi ilipofika, alivaa koti na kushuka shambani. Akasimama katikati ya michai, mbele yake barabara ya Kericho, nyuma yake moshi wa jikoni. Saa nne kasoro robo. Alitoa daftari akaandika: "Huko wananiuliza. Hapa bado." Akasoma alichoandika, akakunja daftari, akapanda kurudi nyumbani.

Mzee Kipkurui, msemaji wa wageni, alisimama na kumsifu kwa kuwanyima uso mara ya kwanza. "Watu kama wewe wamekwisha," alisema.

Alfayo angeweza kunyamaza. "Siku ile nilikuwa Kericho," alisema. "Nilisahau. Kompyuta ilikuwa imenishika kama pombe inavyoshika mtu."

Kipkurui akapiga goti lake kwa kicheko, na wenzake wakafuata.

"Na ni mcheshi! Mzee wa rika lake, kompyuta!"

Hakuna aliyemwamini. Priscah peke yake ndiye hakucheka. Alimtazama mumewe kama mtu aliyemwona mahali zamani.

"Haya," Kipkurui alisema akipangusa macho, "tunangoja neno lako. Unasemaje?"

Hatimaye aliulizwa. Nchi tisa alikuwa akizijibu kabla hazijamaliza kuuliza, lakini sasa alimtafuta binti yake kwa macho. Akageuka.

"Cheptoo, wewe unasemaje?"

Wageni walitazamana. Hiyo haikuwa mila ya zamani wala ya sasa. Cheptoo alitazama nyuma yake, kama kwamba yuko Cheptoo mwingine mlangoni.

"Namtaka, baba," alisema.

Alfayo alisikiliza jibu hadi mwisho. Lilikuwa fupi, naye hakuongeza kitu.