Mkungu Kichwa Chini

Kwaya ya usharika wa Kamuli ilikuwa imechoshwa na pazia lake la maua, basi ikamwomba Kemirembe achore picha za kumulikwa kwa projekta nyuma ya waimbaji. Igizo lilikuwa la nyimbo mwanzo mwisho, kuhusu kijana anayeuza shamba la mama yake. Kemirembe alichora kwenye kishikwambi mwezi mzima. Alitaka jambo moja tu: baba yake, mzee Rwezaura, aone kazi yake, aache kuwadanganya watu kwamba bintiye ni nesi Mwanza. Kwa mzee, mchoraji ni mtu aliyelikimbia jembe.

Jumapili baada ya ibada, madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi. Mambo yalikwenda vizuri hadi wimbo wa huzuni kuliko zote. Immaculata, aliyeigiza mama, akapiga magoti kuuaga mgomba wake wa mwisho. Nyuma yake ukatokea mkungu mkubwa kuliko mlango, ndizi zake zote zimeelekea chini, ilhali mgombani huelekea juu.

Kemirembe alikuwa ameunakili kutoka picha ya mkungu uliofungwa kwenye baiskeli sokoni Isingiro, na mwenye baiskeli aliufunga kichwa chini. Ukumbi mzima wa wakulima ukaangua kicheko. Immaculata akazidi kulia, nao wakazidi kucheka. Hata mchungaji alijificha nyuma ya leso.

Jirani yao Nestory akauliza kwa sauti ni nani huyo asiyewahi kuona mgomba. Kemirembe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee Rwezaura akasimama.

“Ni binti yangu,” alisema. “Si nesi, niliwadanganya. Ni mchoraji. Migomba mimi sikumfundisha, kosa ni langu.”

Kicheko kikakatika. Mzee akapita katikati ya mabenchi hadi kwenye meza ya projekta alipokaa Kemirembe, akavaa miwani.

“Zigeuze, mama,” akamwambia.

Kemirembe akazigeuza kwa kidole kwenye kishikwambi, ndizi zikaelekea juu mbele ya watu wote, na makofi yakapigwa. Immaculata akaanza kulia upya, safari hii kwa hasira.

Mzee hakurudi kwenye benchi. Alivuta kiti akakosoa kila picha iliyofuata: ng'ombe gani hawa wa pembe fupi hivi, wametoka wapi? Pembe zikarefushwa huku mnunuzi wa shamba akisubiri jukwaani, mkono hewani. Kemirembe alichora huku machozi yakimtiririka, baba yake anamwelekeza, na onyesho la saa moja likachukua saa tatu.