Kengele ya Kinyozi

Kinyozi yule, akiwa dukani kwake, alikuwa na mdomo usiojua likizo. Mteja hajakaa sawasawa kwenye kiti, shuka halijafungwa shingoni, tayari ameshaanza kuhadithiwa habari za bwana harusi aliyesinzia akinyolewa akaamka hana nyusi. Watu walivunjika mbavu mpaka yeye mwenyewe akawa anawasihi watulie, maana mkononi ana wembe. Wapo waliokuja na vipara vyao, wakakaa kwenye benchi asubuhi nzima, kisa kucheka tu.

Sasa mtu huyohuyo akivuka kizingiti cha nyumba yake, kimya. Maneno yote alikuwa ameyamaliza dukani. Atamwamkia mama yake, atamuuliza mkewe habari za kazi, atakula, kisha huyo, meza yake ya dirishani pale sebuleni.

Hapo ndipo palipokuwa na starehe yake. Chuma cha kulehemu kwenye kishikio alichokisuka kwa waya wa henga ya nguo, bunda la waya wa risasi wa kuungia, na makopo ya siagi yaliyojaa vipuri alivyovichomoa kwenye redio zilizokata roho, saa za ukutani na mashine za kunyolea zilizochoka. Alikuwa akivaa hedifoni, anainamia kazi, moshi mwembamba unampanda puani, na hapo hata paa lingeondoka asingejua. Mkewe, muuza dawa katika duka la mtaa wa pili, alimwita Injinia, kwa sauti ile ile ambayo mtu humwitia paka wake Simba.

Si kwamba alimwonea. Injinia alikuwa ametengeneza taa ya kuwaka yenyewe giza likiingia, nayo ikawa inawaka mchana kutwa na kuzimika magharibi. Alikuwa ametengeneza kidude cha kupiga kelele maziwa yanapokaribia kufurika, nacho kikawa kinapiga kelele maziwa yakiwa yameshafika sakafuni.

"Angalau kinatoa taarifa," kinyozi alijitetea.

"Taarifa ninayo, nimeikanyaga," mkewe akajibu.

Mama yake kinyozi aliishi nao, katika chumba cha nyuma. Alikuwa mshonaji enzi zake, na nusu ya sare za shule za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Macho yalipopungua akaiuza cherehani, akabaki na mkasi, sindano zake na ulimi, na hivyo vyote bado vilikuwa vikali.

Basi alasiri moja mama aliteleza bafuni. Aliita. Mwanawe alikuwepo, hatua chache tu kutoka pale, hedifoni masikioni, analehemu. Mama aliita mpaka sauti ikamkauka. Mke ndiye aliyerudi kutoka kazini akamkuta amekaa kwenye sakafu ya maji, ameegemea ndoo, amechoka hata kukasirika. Mfupa haukuvunjika, ila nyonga ilivimba. Kinyozi aliona haya mpaka akashindwa kumtazama mama yake usoni, na kwa kuwa hakujua aseme nini, hakusema kitu.

Dada yake alisema kwa niaba ya wote. Dada huyu alikuwa mwalimu mkuu katika mji mwingine, na alikuwa na sauti ya kuifanya hata nguo kwenye kamba ijipange mstari. Alifika, akamkagua mama, akamvuta mdogo wake barazani.

"Mama anahamia kwangu."

"Dada, tafadhali. Nitamtengenezea kengele. Atabonyeza tu, nitakuja mbio."

"Kilichokuziba masikio ndicho hichohicho unachotaka kikuzibue?"

Kinyozi aliomba, akabembeleza, mkewe naye akamwombea. Mwisho dada mtu akalegea kidogo. Wakapatana hivi: atampa muda, kisha atakuja mwenyewe aijaribu. Ikilia, mama anabaki. Isipolia, mama anaondoka naye siku hiyohiyo. Mama mwenyewe hakuulizwa. Aliambiwa tu kwamba anatengenezewa kengele, akasema asante, akauliza kama italipuka.

Haikulipuka. Tena, kusema kweli, kwa mara ya kwanza Injinia alitoa kitu cha maana. Kitufe kilikuwa ukutani karibu na mto wa mama. Waya ulipita nyuma ya kitanda, ukatoka juu ya mlango, ukafuata dari mpaka mezani kwake. Huko kulikuwa na betri, taa nyekundu ya kumulika machoni ikiwa masikio yamezibwa, na ndani ya kopo la biskuti injini ya mashine kuukuu ya kunyolea. Mtu akibonyeza, kopo lilinguruma na kutembea mezani. Mgeni mmoja alipoisikia mara ya kwanza alishika kichwa chake kwa mikono miwili, akidhani ananyolewa.

Kengele ikafanya kazi vizuri. Halafu ikaharibika.

Kinyozi alikuwa na desturi ya kuijaribu kila arudipo kutoka dukani. Siku hiyo akabonyeza, kimya. Akachukua chuma chake na taa ndogo, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama, akakuta waya umeachana pale nyuma ya kitanda. Akajilaumu. Labda hakuupasha moto vya kutosha, risasi ikaganda kabla haijashika. Akaanza kuunga upya, na kwa kuwa hapo hakuwa na hedifoni, mama akauliza:

"Yule mzee wa masharubu bado anakuja dukani?"

"Anakuja, mama. Juzi amenifanyia kituko!" Mikono ikiwa kazini, mdomo ukafunguka. Akahadithia kituko, mama akacheka mpaka kitanda kikatikisika na kinyozi akaunguza kidole. Kopo liliponguruma, akakusanya vifaa vyake.

"Haya mama, imepona. Ukiwa na shida, bonyeza."

Akarudi mezani, kimya chake kikarudi naye.

Kuanzia hapo kengele ile ikawa mgonjwa wa kudumu. Kila baada ya siku chache waya umeachana, na kila mara ni palepale nyuma ya kitanda. Kinyozi alijikuna kichwa. Alibadilisha waya, akabadilisha risasi, akaunga kwa uangalifu wa mtu anayenyoa mtoto mchanga. Wapi! Akaanza kuwashuku panya, akatega mtego chini ya kitanda, mtego ukamnasa yeye mwenyewe kidole kilekile cha kuungua.

"Panya wa nyumba hii wana akili," mkewe alisema akimfunga bandeji. "Wanakula waya, jibini hawaitaki."

Kila alipokwenda kutengeneza, alikaa, na alipokaa, alihadithia. Mama alimjua mteja mmoja mmoja sasa: mzee wa masharubu, bwana harusi asiye na nyusi, mwimbaji wa kwaya aliyegombana na kioo. Kinyozi hakulitia hilo maanani. Akilini mwake alikuwa anatengeneza kengele, maneno yalikuwa yanamtoka tu.

Dada akapiga simu kwamba anakuja Jumapili. Jumamosi kinyozi alifunga duka mapema, akaupitia waya wote kuanzia kitufe hadi kopo. Alibonyeza, kopo likanguruma. Akabonyeza tena na tena, kopo likanguruma mpaka jirani akagonga ukuta. Roho ikatulia. Akamtakia mama usiku mwema akaenda kulala.

Jumapili dada aliingia na begi kubwa tupu, akaliweka mlangoni mwa chumba cha mama. Mama alikuwa amekaa kitandani, amejitanda vizuri, ananyoosha shuka ambalo tayari limenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Sijakonda, mama." Dada akaweka kidole kwenye kitufe, akamtazama mdogo wake, akabonyeza.

Kimya. Akabonyeza tena, akashikilia. Kule sebuleni mkewe kinyozi alikuwa ameinamia kopo la biskuti, anaomba dua. Kopo halikunguruma.

"Ngoja, dada. Ngoja kidogo." Kinyozi alipiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya kitanda, akaufuata waya. Akaufikia mahali pake pa siku zote, akauvuta kwenye mwanga.

Waya ulikuwa umeshonwa.

Ulikuwa umekatwa kwa mkasi, mkato safi, kisha ncha mbili zikalazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa kwa uzi wa kijani, ganda la plastiki kwa ganda. Mishono ilikuwa midogo, imelingana, imevutwa na kufungwa fundo ambalo kinyozi alilijua tangu kaptura yake ya kwanza ya shule. Ilikuwa kazi nzuri ajabu. Shati lingedumu nayo miaka, ila umeme haupiti kwenye uzi.

Aliinua macho. Mama yake alikuwa anatazama dari, kama ndiyo kwanza ameiona.

"Ni nini?" dada akauliza.

Kinyozi aliufumbata waya kiganjani. Alielewa vizuri alichokuwa nacho mkononi. Akiufungua mkono, fundi amepona na mama ameumbuka. Asipoufungua, begi lile litajaa nguo.

"Ni mimi," akasema. "Sikuunga vizuri. Ni kosa langu."

Dada alishusha pumzi. Hakuonekana mshindi, alionekana mtu aliyechoka kuogopa simu. "Basi. Tulikubaliana. Mama, nikusaidie kupanga nguo."

"Mwanangu," mama akasema, "fungua mkono."

"Mama, acha tu."

"Fungua. Panya ni mimi."

Kinyozi akafungua mkono. Dada akainama, akautazama ule mshono, na mkewe kinyozi, aliyekuwa amefika mlangoni, akashika mdomo. "Kumbe ndiyo maana! Asubuhi nilimpelekea chai, nikamwambia leo wifi anakuja kujaribu kengele, isipolia anaondoka naye. Mama akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Akasema pindo limefumuka."

"Sikujua kama kuna mtihani," mama akasema. "Hakuna aliyeniambia. Jana usiku niliikata kama kawaida. Niliposikia habari za kuhamishwa, nikairudisha haraka haraka. Mimi najua kushona, sijui kuchoma."

"Kama kawaida?" Dada alikaa kwenye kiti. "Mama, kengele ya kukuokoa wewe! Unaikata kwa nini?"

Mama alimwelekeza mwanawe kwa kidevu. "Kwa sababu ikiwa nzima, huyu haingii humu. Shikamoo, umekula, kwaheri. Majirani wanakuja wananiambia, mwanao ana vichekesho, mwanao anatuua kwa kucheka. Nikawa najiuliza, mwanangu yupi huyo wanayemsema? Nina mwingine nilimsahau? Sasa kengele ikiharibika, anakuja. Anakaa hapo, anaongea. Basi nikawa naiharibu."

Kinyozi alitaka kulia, akaona aibu kulia, akalia kidogo akijifanya anapangusa jasho. Mtu mzima, mdomo wote ule, na mama yake amekuwa akinunua maneno yake kwa mkasi.

"Kwangu ungepata watu wa kuongea nao, mama," dada alisema, na sauti ya ualimu ilikuwa imemwisha.

"Kwako ningeongea na televisheni. Wewe unatoka alfajiri kulea watoto wa watu, unarudi umechoka kama nguo ya kudekia. Nakupenda, lakini nakujua."

"Na ukianguka tena?" dada akauliza.

Kinyozi aliinuka, akaenda sebuleni, wakasikia makopo yanagongana. Akarudi kinyumenyume akiivuta meza yake, makopo juu, chuma juu, nyaya zinaburuzika.

"Injinia anahama," mkewe akatangaza.

"Anahamia wapi? Humu?" Mama aliruka. "Na ule moshi wake? Mnataka kunikausha kama samaki?"

"Tutafungua dirisha, mama."

Meza ilikwama mlangoni, kama meza zote. Ikabidi dada avue viatu vyake vya safari, ashike upande wa pili, asukume. Begi tupu lilikuwa njiani, akalisogeza kwa mguu mpaka chini ya kitanda, wala hakuligusa tena.

Jioni kinyozi alikaa mezani kwake, mgongo dirishani, uso kwa mama. Aliikata ile mishono ya kijani kwa shingo upande, akaunga waya upya, shaba kwa shaba, na dada akabonyeza mwenyewe mpaka akaridhika. Kisha dada akaenda jikoni kumsaidia wifi yake. Chumbani wakabaki wawili.

Mwanzoni maneno hayakuja. Dukani yalikuwa yanajileta yenyewe. Hapa alihisi kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. Akakohoa. Mama akangoja, mikono juu ya shuka.

"Nikwambie, mama," akaanza. "Kuna bwana mmoja alikuja na picha ya gazetini, anataka anyolewe vilevile. Sasa yule wa kwenye picha ana nywele…"

Mama akatabasamu kabla ya kichekesho kufika. Kinyozi akapata moto. Akasimama, akaigiza yule bwana anavyojitazama kwenye kioo, akakaa, akaendelea. Alipoinua macho tena, mama alikuwa amelala, kichwa upande, mdomo wazi kidogo. Hadithi ilikuwa haijafika hata nusu.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Unaongea na nani? Si amelala huyo."

"Naongea na mama," kinyozi akasema, akapunguza sauti, akaendelea kumhadithia mpaka mwisho.