Odelle na Chembe ya Kosa

Hapa Alabama, ukigongwa, hulipwi ila uwe huna kosa hata chembe. Ndiyo sheria. Mwenzako awe na kosa gunia zima na wewe punje moja, unarudi nyumbani mikono mitupu. Waliokaa kitako wakalitunga hilo sijui walikula nini siku hiyo.

Dada yangu Odelle aligongwa akitoka kumchukua mumewe, Hoyt, hospitali anakosafishwa damu. Colby, kijana wa jirani, alipita alama ya kusimama kana kwamba haipo, akawavaa ubavuni. Walitoka wazima, ila gari likawa chuma chakavu. Na Hoyt bila gari hafiki hospitali, bila hospitali hafiki mbali. Mimi macho yangu yalishaninyima leseni.

Odelle alikuwa na ile bima ya lazima tu, inayolipa wengine. Gari lake halimo. Tegemeo likawa bima ya Colby. Watu wa bima hiyo wakapiga simu, binti mwenye sauti tamu. Akaomba ruhusa ya kurekodi, akamsikitikia Hoyt, kisha akauliza kama Odelle angeweza kufanya lolote kuepuka ajali.

Nilikuwa jikoni kwake nakaanga bamia, nayasikia yote kwenye spika ya simu. Sisi huku tumelelewa tusimwachie mtu aibu peke yake. Ukimwagiwa chai, unasema labda ulikaa vibaya. Tena Colby alishakuja kumlilia.

"Labda ningepunguza mwendo kidogo, mwanangu," Odelle akasema. "Huyo kijana msimwonee."

Wakamnyima kila kitu. Eti amekiri mwenyewe.

Mwendo gani? Odelle huendesha kama kobe, mji mzima unajua! Nikamlazimisha apige tena, aeleze kwamba ule ulikuwa uungwana tu. Sauti tamu ikajibu kwamba maneno ya kwanza ndiyo yanayohesabiwa. Nilitukana mpaka Odelle akanifungia mlango.

Jumatatu tulisimama barabarani kungoja gari la kanisa limpeleke Hoyt hospitali, nalo huja likijisikia. Colby akapita na pikapu yake, imenyooshwa na kung'aa, maana yeye ana bima kubwa. Akapunga mkono kwa adabu. Odelle naye akainua wake, anatabasamu.

Nikaushika, nikaushusha.

"Mtazame kwanza mumeo," nikamwambia.

Hoyt alikuwa ameketi majanini, miguu imevimba hadi viatu havifungiki. Odelle akamtazama. Tuliendelea kungoja hadi jua likawa kali, na gari la kanisa halikuja.