Maji Yaliyokataa Kubaki Nyuma

Saa tatu asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Januari, Ardith Lindqvist alitumbukiza mpira wa maji kwenye tangi lake la samaki, akanyonya ncha, akatema chumvi, akayaelekeza maji kwenye ndoo. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Aliendesha basi la shule mjini Duluth hadi alipostaafu, na katika jengo alilopanga hakuna mpangaji aliyemzidi kukaa. Sasa jengo lilikuwa limeuzwa, na walionunua walitaka kila mtu awe ametoka kabla ya mwezi kwisha.

Aliyemsaidia ni Tou Vang, fundi wa kuchomelea aliyeishi ghorofa ya chini yake. Vyombo vyake mwenyewe vilishafungwa. Alikuwa anahamia kwa dada yake, mjini Saint Paul.

"Bi Ardith, wenzako wanafuga paka," alisema, akiinua ndoo ya sita.

"Paka ana kiburi, na wewe una maneno. Beba."

Maji yalipofika nusu, wakalishika tangi huku na huku ili walisogeze mbali na ukuta. Tangi likatoka. Maji yakabaki.

Yalisimama juu ya meza yake, kona nne zimenyooka, mchanga chini, matumbawe mahali pake, samaki watano wakizunguka.

"Yamekataa," Tou alisema.

"Naona."

Tou aliyasukuma kwa bega. Akalowa, basi. Ardith akavaa koti, akaweka kiganja juu ya maji. "Haya, twende," akasema, kwa sauti aliyokuwa akiwaambia watoto wanaochelewa kushuka basini. Maji yakashuka mezani, yakamfuata, ngazi moja moja, kama ng'ombe amfuatavyo anayemkamua.

Nje kulikuwa na baridi ya kugandisha kope. Walikuwa na mitaa kumi na minne ya kwenda, hadi makazi ya wazee alikopata chumba. Dereva wa gari la kusukuma theluji alifungua dirisha.

"Mama, pita nayo kulia, nina kazi hapa."

Kufika mtaa wa tano, kingo za maji zilianza kuwa nyeupe. Samaki wa manjano, mkubwa wao, alilala ubavu. Ardith akavua koti akayafunika, akaendelea na sweta, meno yakigongana. Tou akavua lake akamvisha.

"Na wewe?"

"Mimi nachomelea vyuma. Moto umo mwilini."

Alikuwa anatetemeka. Ardith hakubisha. Aliogopa akifungua mdomo atalia, na machozi yangeganda.

Kwenye makazi ya wazee msimamizi aliwangoja mlangoni na karatasi. "Sheria yetu hairuhusu matangi ya samaki."

"Sina tangi."

Msimamizi akayatazama maji, akatazama karatasi. Akaandika *maji*, akampa ufunguo. Chumba kilikuwa na joto, na maji yakapanda juu ya meza iliyokuwamo. Jioni samaki wa manjano akainuka, akala.

Mwezi wa Mei Tou alikuja na mfuko wa chumvi ya bahari na sufuria ya supu ya kuku yenye mchaichai, aliyoipika dada yake. Aliweka sufuria jikoni, akalaza kichwa upande akiyatazama maji.

"Yameegemea upande."

"Tangu walipobomoa kwetu. Yameelekea kulekule."

"Wamejenga nini pale?"

"Hakuna. Wamezungusha ua wa waya. Nyasi zimeota."

"Na haraka yote ile."

"Haraka yote ile."

Tou akakunja kipande cha boksi, akapiga magoti, akakisokomeza chini ya mguu wa meza, kama inavyofanywa sakafu ikiwa haiko sawa. Wakangoja. Maji hayakunyooka. Samaki wote watano walikuwa wamejikusanya upande ulioinama kuelekea kule, midomo ikigusa ukingo.

Ardith akapakua supu. Wakavuta viti upande ule ule wa samaki, wakala.